Chakula cha samaki wa tangi la matumbawe: kipi ununue kwanza ukiwa Mtwara au Lindi

Anayefuga samaki wa matumbawe nyumbani mjini Mtwara yuko takribani kilomita 560 kutoka Dar es Salaam, kwenye maduka ya vyakula vya kiwandani vya samaki hao, ilhali bahari wanamoishi wenzao iko mwendo wa miguu. Miongozo mingi ya ununuzi huandikiwa watu walio katika hali iliyo kinyume na hii, na ndiyo maana huweka chakula cha kiwandani kilichogandishwa katika nafasi ya kwanza. Kwa pwani ya kusini mpangilio huo haufai, na huu hapa chini umezingatia barabara, umeme na soko tulivyo navyo.

Kabla ya kutoa fedha ni lazima kujua nani anaishi ndani ya tangi. Kangaja na tasi ni walaji wa mimea, wanaodonoa mwani kidogo kidogo mchana kutwa. Chewa na kikande hupenda nyama. Vitatange wengi hula mchanganyiko, na baadhi yao hudonoa matumbawe yenyewe, tabia ambayo hakuna chakula cha dukani kitakachoikomesha. Yule mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, anayekaa katikati ya minyiri ya anemoni (mnyama wa baharini anayefanana na ua), hupokea karibu kila kitu, kwa hiyo hamu yake isichukuliwe kuwa ushahidi wa ubora wa chakula.

Nafasi ya kwanza naipa punje kavu zilizotengenezwa kwa ajili ya samaki wa baharini. Hazihitaji barafu, husafiri salama ndani ya mzigo wa basi, na huwa zimeongezwa vitamini ambazo nyama peke yake haitoi kwa uwiano unaofaa. Someni orodha ya viambato, ambayo huanza na kilicho kingi zaidi: kiambato cha kwanza kiwe samaki, kamba, ngisi au kiumbe kingine cha baharini, si unga wa ngano wala soya. Kwa tangi lenye samaki mchanganyiko, protini ya asilimia 45 hadi 50 inatosha. Chagueni punje ndogo zinazozama polepole, kwa kuwa samaki waoga hawapandi juu kugombania, na nunueni kopo dogo hata kama kubwa linaonekana nafuu kwa gramu. Unyevu wa pwani huharibu punje mapema, mafuta yake huchacha, na vitamini C hupungua baada ya kopo kufunguliwa. Kopo lisilokwisha ndani ya miezi miwili au mitatu ni kubwa mno kwa tangi lenu.

Hapa kuna kishawishi ambacho lazima kikataliwe waziwazi. Maduka ya pembejeo huuza chakula cha sato na kambare kwa bei ya chini sana, na kwa macho punje zake hazitofautiani na zile za gharama. Tofauti imo kwenye mafuta. Sato ana uwezo wa kutengeneza kiasi fulani cha mafuta ya omega-3 ya aina ya EPA na DHA kutokana na mafuta ya mimea, lakini samaki wengi wa baharini hawana uwezo huo wa kutosha na hutegemea kuyapata yakiwa tayari kwenye chakula. Samaki wa matumbawe anayelishwa chakula cha bwawani atashiba, ila baada ya muda atapauka rangi na kudhoofika, na mwenyewe atabaki akilaumu maji.

Nafasi ya pili ni mazao ya bahari kutoka sokoni, yaliyosagwa na kugandishwa nyumbani, na hapa ndipo mkazi wa Mtwara au Lindi anapomshinda mfugaji wa bara. Kwenye soko la samaki la Feri mjini Mtwara hununuliwa kamba, ngisi na samaki mweupe asiye na mafuta mengi, vyote vikiwa vibichi, bila chumvi na bila kukaangwa. Kome huwa rahisi siku za bamvua, maji yanapokauka mbali na akina mama wakatoka kuokota. Menyeni kamba, toeni wino na mfupa wa ngisi, osheni vyote, kisha vikateni au kuvisaga kwa muda mfupi ili vibaki vipande vinavyoonekana, kwani uji mwembamba huchafua maji kabla haujaliwa. Tandazeni mchanganyiko ndani ya mfuko safi hadi uwe bapa kama chapati na uwekeni kwenye friza. Kipande cha siku kitavunjwa kwa mkono. Kugandisha hupunguza hatari ya vimelea, ingawa hakuui bakteria wote, kwa hiyo ubichi wa bidhaa siku ya kununua haupuuzwi. Kipindi cha kusi bahari huchafuka na ngisi hupanda bei, hivyo inafaa kuweka akiba mapema, kwa kiasi ambacho hakitaharibika umeme ukikatika. Kilichoyeyuka kisirudishwe kugandishwa.

Chakula hiki kina kasoro moja inayoeleza kwa nini kubadilisha ni lazima. Kamba wabichi, kome na baadhi ya samaki, wakiwemo baadhi ya dagaa, wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na ubaridi wa friza haukiondoi. Samaki anayelishwa hivyo tu kwa miezi huingia katika upungufu hata kama tumbo limejaa. Dawa yake ni kupishanisha na punje, na ikiwezekana kudondoshea vitamini za maji kwenye kipande muda mfupi kabla ya kulisha.

Mwani naupa nafasi ya tatu kwa jumla, ila mwenye kangaja au tasi auhesabu wa kwanza. Wakulima wa mwani wa pwani hii hawahitaji kuambiwa kwamba tasi anaupenda, maana huwakuta mashambani wakikata ncha za spinosamu, aina ya mwani unaolimwa, kwenye kamba za kufungia. Mwani mbichi wa shambani uoshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi ili kuondoa wadudu, kisha ubanwe kwa klipu kwenye kioo. Uliokaushwa kwa ajili ya kuuzwa nje huwa na mchanga na chumvi, hivyo uloweshwe kwanza. Karatasi za nori, yaani mwani uliokaushwa ukawa bapa kama karatasi, zina protini zaidi na hukaa muda mrefu. Zinunuliwe zile zisizotiwa mafuta wala viungo, na mabaki yatolewe jioni.

Baada ya hapo, nafasi ya nne ni mayai ya Artemia, viumbe wadogo wa jamii ya kamba wanaoishi maji ya chumvi. Huanguliwa kwa takribani saa 24 katika maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 26 hadi 28 na hewa ya pampu, na kwa joto letu hita haina kazi. Watoto wake walishwe wakiwa wapya, kabla kiini hakijawaishia. Mysis waliogandishwa, ambao ni viumbe wadogo wanaofanana na kamba, ni chakula bora kuliko vyote nilivyotaja kwa samaki mgumu kula, lakini nimewashusha hadi nafasi ya tano kwa sababu ya safari: wasipofika wakiwa jiwe, msiwapokee. Artemia wakubwa waliogandishwa ni maji zaidi kuliko lishe. Chakula cha vipande vyembamba vinavyoelea huchacha haraka na kuacha vumbi majini, na dagaa wakavu wa sokoni, kwa chumvi na mchanga wao, wabaki jikoni.

Kwa wiki ya kawaida, punje zitolewe kila asubuhi, kipande cha mazao ya bahari jioni mara tatu au nne, na mwani kila siku kwa wanaouhitaji. Kipande kiyeyushwe kwenye kikombe cha maji ya tangi na majimaji yake yamwagwe, kwa sababu yamebeba fosfeti, ambayo hulisha mwani usiotakiwa na kuzuia matumbawe kujenga mifupa yake. Kiasi kiwe kile kinachokwisha ndani ya dakika mbili au tatu. Miezi ya kaskazi msizidishe kabisa, kwani maji ya moto hushika oksijeni kidogo na mabaki huoza upesi. Ukisafiri siku mbili tatu, samaki wazima walioshiba vizuri huvumilia bila chakula, na hilo ni salama kuliko kumwachia jirani kopo zima; akilazimika kulisha, mfungie kila siku kipimo chake kwenye karatasi na ulifiche kopo.