Ambreyaje (klachi) ya pikipiki ya zamani: kipi ununue kwanza ukiwa Bukavu

Ukipanda mlima wa Kadutu injini ikanguruma huku pikipiki haisogei, usikimbilie sokoni. Gusa kwanza mkono wa ambreyaje: ncha yake icheze milimita 10 hadi 20 kabla kebo haijavuta. Isipocheza, disiki za ndani ya ambreyaje huteleza hata zikiwa nzima, na hapo kazi ni kurekebisha kebo tu.

Kebo ikiwa sawa, fungua ambreyaje. Ila usiamini jina la kwenye tangi. Hizi Yamaha AG100 na Honda XL zimepita kwa mafundi wengi, na nyingine zinabeba injini ya Kichina chini ya tangi la Kijapani. Soma namba iliyogongwa kwenye karteri, yaani ganda la injini. Kisha nenda dukani na disiki ya zamani mkononi: hesabu meno yake, pima upana na unene kwa kaliba (kipimo cha milimita). Muuzaji akisema "ni ileile, papa," zipandanishe mbele yake. Kwenye paketi ya Honda, 22201 ni disiki ya msuguano, 22321 ya chuma, 22401 resori (springi). Tarakimu au herufi tatu zinazofuata hutaja modeli. Yamaha hutanguliza modeli, halafu 16321 kwa disiki ya msuguano.

Chaguo langu la kwanza ni disiki za msuguano na resori mpya, za kiwandani au za kampuni ya EBC ya Uingereza, zote kwa pamoja. Resori iliyofupika itaziunguza disiki mpya bure.

La pili ni piesi (vipuri) za Kichina, ikiwa injini ni ya ukoo wa Honda CG125. Zimejaa madukani, lakini saizi zake si moja.

La tatu, mitumba ya kiwandani, nayo kwa kloshi (kikombe kinachobeba disiki) na disiki za chuma tu. Laza chuma juu ya kioo; kikiyumba au kikiwa na rangi ya bluu, kirudishe. Kwenye kloshi, papasa vidole vyake: mifereji mirefu hufanya ambreyaje ishike kwa kurukaruka, midogo husawazishwa kwa tupa. Hesabu pia meno ya gia yake, yalingane na ya zamani. Disiki ya msuguano ya mtumba, hata ya bure siichukui.

Mkiani naweka seti nzima isiyo na namba wala jina. Niliifunga mara moja. Wiki haikuisha, nikarudi nyumbani nasukuma.

Mafuta ya kulainisha yawe yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha mafuta ya pikipiki, si ya gari. Loweka disiki mpya humo usiku kucha, asubuhi ndipo ufunge.