Chakula cha Kubeba Mlimani: Nini Ununue Kwanza, Nini Uache Dukani

Ukipanda Kilimanjaro, suala la chakula si lako. Kampuni inakuja na mpishi, wapagazi na sufuria zao. Mwongozo huu ni wa anayebeba mwenyewe: siku tatu nne za kutembea kutoka Lushoto hadi Mtae kwenye Milima ya Usambara, au Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon. Huko kila kilo iko mgongoni mwako, na maji ya kupikia wakati mwingine unayafuata bondeni.

Nimepanga kwa kuangalia nguvu unayoipata kwa uzito unaoubeba, maji na gesi inayoteketea, na kama chakula chenyewe kinalika jioni ukiwa hoi. Hilo la mwisho watu hulipuuza, halafu wanarudi na nusu ya mzigo haujaguswa. Kadiria gramu 600 hadi 800 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku.

1. Karanga

Gramu 100 zina kalori kama 570, karibu mara moja na nusu ya unga au mchele mkavu, na hazihitaji jiko. Korosho ziko karibu sawa kwa nguvu. Kinachoziangusha ni bei. Nunua karanga mbichi ukaange mwenyewe kwa chumvi, maana zilizokwisha kukaangwa huwezi kujua zimekaa dukani muda gani. Kabla ya kukaanga, zimwage kwenye ungo uchambue: punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itoe. Moto wa jikoni hauondoi sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga nazo ni rafiki yake mkubwa.

Kashata za karanga zihesabu humu humu. Za nazi ni tamu zaidi kwangu, lakini nazi huchacha, kwa hiyo ziliwe siku ya kwanza.

2. Dagaa

Najua kuna watakaokunja pua. Lakini hakuna kitoweo kingine chepesi, cha bei ya kawaida, kinachokaa siku nne bila friji. Wa Kigoma ndio chaguo langu. Wa Mwanza ni wazuri pia mradi wameanikwa kwenye vichanja. Walioanikwa chini wana mchanga, na mchanga huo hauishi hata uoshe mara tano. Chukua wachache mkononi sokoni, wasugue, tazama kinachobaki kiganjani. Wakivunjika kwa mlio wamekauka vizuri; wakipinda, waache.

Kazi yote ifanyike nyumbani. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto, anika wakauke, kisha wakaange kwa mafuta, chumvi, pilipili na limau hadi wawe wakavu kabisa. Waache wapoe kabisa kabla ya kufunga, la sivyo mvuke utawalainisha. Mlimani hawahitaji kupikwa tena: unawatafuna njiani au unawamwaga juu ya chochote kilichoiva.

3. Tende

Tende za kubebwa si zile laini zinazonata mkononi. Tafuta zilizokaza kiasi, kama Khudri, au zile za kushindiliwa zilizotolewa kokwa, maana kokwa ni uzito unaoubeba bure. Ajwa iache kwa futari. Baada ya Ramadhani wauzaji hutaka kumaliza mzigo, basi ni wakati mzuri wa kununua. Soma tu tarehe kwenye boksi. Tende tatu na konzi ya karanga kila saa moja ya kupanda zinanifaa kuliko mlo mzito wa mchana, ambao huleta usingizi kabla ya mwinuko.

4. Unga wa ugali, pamoja na samli

Hapa nitabishiwa na watu wa mchele. Lakini kadiri unavyopanda, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi: kwenye kambi ya Shipton's, Mlima Kenya, mita 4,200, yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi. Mchele unachelewa na unakula gesi. Unga wa mahindi unaiva kwa joto la chini ya hapo, na nusu kilo inawashibisha wawili. Shida ni sufuria za kambini. Ni nyembamba, zinaunguza, kwa hiyo punguza moto mapema na usiache kusonga. Mwiko mfupi wa mbao ubebe, kijiko kitakuvunjikia.

Samli iwe kwenye chupa ya mdomo mpana. Kijiko kimoja cha mezani ni zaidi ya kalori 100, na kwenye baridi inaganda, haivuji. Ikiwa njia yako ni ya joto, funga chupa ndani ya mfuko mwingine.

5. Matobolwa

Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Watu wa Shinyanga na Tabora hawahitaji maelezo. Hayapikwi, yana utamu wake, na yanakaa miezi. Yangekuwa juu zaidi kama yangepatikana kirahisi nje ya Kanda ya Ziwa na Tabora. Usiuziwe michembe ukidhani ni yenyewe: michembe hukaushwa ikiwa mbichi, na lazima ichemshwe.

6. Indomie

Dakika tatu, maji kidogo, na ni nyepesi. Inapondeka begini na haishibishi peke yake, ila jioni ya mvua, ikichanganywa na dagaa na kijiko cha samli, sioni cha kuishinda. Beba mbili za dharura.

Chapati ni za siku ya kwanza na ya pili tu. Ukianzia Lushoto, pita shamba la Irente uchukue jibini na mkate wao. Vinastahili uzito wake. Na kwenye njia hiyo usibebe matunda wala mboga, kwa sababu unapita vijijini.

Vya kuacha: maharage makavu, ambayo kule juu hayaivi hata umalize gesi, makopo, maana unabeba maji na bati, kisha bati tupu unalirudisha, na ile milo ya pakiti iliyokaushwa kutoka Ulaya. Hii ya mwisho si mibaya, ni myepesi kweli, lakini bei ya pakiti moja inakununulia karanga na dagaa za safari nzima.

Kuhusu kufunga: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na tangu Juni 2020 hifadhi za Kenya haziruhusu chupa za plastiki za kutumia mara moja. Shona vifuko vya kitambaa kwa vitu vikavu, na kwa dagaa tumia kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha. Kambi za juu Mlima Kenya zina pimbi na panya waliozoea watu, na harufu ya dagaa wataifuata hadi ndani ya begi. Kopo likae ndani ya hema au banda, limefungwa, na begi lisiachwe wazi hata unapokwenda kuchota maji.