Mafuta ya zeituni kutoka Sfax, na kwa nini nimeyapa nafasi ya kwanza

Nina chupa tatu mezani. Ya kwanza imetoka Sfax, Tunisia, zeituni aina ya Chemlali. Ya pili ni Arbequina ya Alentejo, kusini mwa Ureno. Ya tatu haijulikani kwao: lebo inasema tu ni mchanganyiko wa mafuta ya zeituni kutoka Umoja wa Ulaya.

Ladha nitaimaliza upesi. Arbequina ni laini, ina harufu ya tufaha na lozi, na asiyependa uchungu ataichagua hiyo. Chemlali nayo ni nyepesi, ila ukishameza inakuwasha kidogo kooni. Ukiiweka kwenye friji huganda mapema. Ndiyo tabia ya aina hiyo ya zeituni, usidhani imechakachuliwa. Mchanganyiko unafaa kukaangia, basi.

Kilichoamua nafasi ni shamba. Mvua ya Sfax ni haba, milimita 200 hivi kwa mwaka, na wakulima wa huko walijua zamani namna ya kuishi nayo: mti na mti huachana mita 24, hekta moja ikabeba miti 17 tu. Mizizi hutambaa chini kwa chini, kila mti ukanywa mvua ya eneo lake bila bomba wala pampu. Mavuno kwa hekta ni madogo, lakini hakuna kisima kilichokaushwa kwa ajili yake.

Si kwamba hayana doa. Ardhi kati ya miti hulimwa mara kwa mara ili magugu yasigombanie maji, ikabaki tupu, upepo ukaichukua. Tena vinu vingi vya Tunisia hutoa maji meusi yaliyojaa fenoli, sumu kwa mimea na kwa viumbe wa majini, nayo hutuamishwa kwenye madimbwi ya wazi hadi yakauke. Hispania ilianza kuachana na mitambo ya namna hiyo miaka ya 1990. Sasa vinu vyake vingi hubaki na mashudu ya majimaji, ambayo nayo yana kazi yake kuyashughulikia.

Alentejo ni habari nyingine kabisa. Bwawa la Alqueva lilipoanza kujazwa mwaka 2002, nyanda za ngano na malisho ziligeuka mashamba ya mizeituni iliyobanana kama ua, zaidi ya miti 1,500 kwa hekta, kila mstari na mpira wake wa maji ya matone. Kwa haki yake, maji hayo hutumika kwa kipimo na hekta hutoa mafuta mengi. Lakini mashine ya kuvuna hupita juu ya mstari mzima, na ilipokuwa ikifanya kazi usiku ilifyonza ndege waliolala matawini huku taa zikiwapumbaza. Upande wa Andalusia, Hispania, serikali ya jimbo ilipata makadirio ya ndege milioni 2.6 kwa msimu mmoja, na mwaka 2019 uvunaji wa usiku ukasimamishwa huko. Idadi hiyo inaniuma kila ninapoikumbuka.

Chupa ya tatu ndiyo inayonikera. Mafuta yake huenda yametoka kwenye vilima vya Jaén, kwenye mizeituni zaidi ya milioni 60, ambako mkulima mmoja huacha majani yaote kati ya mistari na kutandaza matawi yaliyosagwa, na jirani yake hupiga dawa hadi udongo unabaki uchi na mvua kubwa inaushusha bondeni. Au yametoka Tabernas, Almería, karibu jangwa, ambako mizeituni hunyweshwa maji ya chini ya ardhi yanayovutwa kwa kasi kuliko mvua inavyoyarudisha, na chemchemi za Río Aguas zinapungua. Kote huko ni Andalusia. Hata lebo ingetaja Hispania, bado nisingejua nimenunua kipi.

Sfax nitainunua tena, na ningempongeza zaidi mfungashaji kama angeandika maji ya kinu chake yanakwenda wapi. Alentejo nitairudia siku lebo itakaponiambia zeituni zilivunwa mchana. Mchanganyiko sitaurudia: unaponunua, tafuta jina la eneo na aina ya zeituni, kisha muulize muuzaji kama shamba hunyweshwa na kwa maji gani.