Kozi ya hisia na ustawi wa wanyama: nyota nne, na mbwa wangu namwomba radhi

Wiki sita nimekesha na kozi hii ya mtandaoni, watoto wakishalala. Aliyeniingiza humo ni mbwa. Kila nikirudi nikakuta kiatu kimetafunwa, yeye huwa amefyata mkia, masikio kayalaza, macho kayapeleka pembeni, nami namwapia kila mtu kwamba huyu anajijua kakosa.

Somo la pili likaniumbua. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa, alichapisha jaribio la mbwa 14. Wenye mbwa waliwakataza kula kitafunio, wakatoka chumbani, na wakirudi waliambiwa kimeliwa au hakikuliwa. Mara nyingine walidanganywa. Ile sura ya kukosa ilifuata karipio, haikufuata kosa. Hata ambaye hakugusa kitu aliitoa alipokaripiwa. Nilisimamisha video nikamtazama wa kwangu, kajilaza mlangoni. Miaka minne namsomea mashtaka!

Ninachokisifu ni kwamba kozi haikurupuki kukuambia mnyama anahisi nini, inakufundisha namna ya kumuuliza. Chukua panya wa watafiti Harding, Paul na Mendl, 2004. Walizoeshwa mlio mmoja kuwa bonyeza upate chakula, na mwingine kuwa usibonyeze, la sivyo utapigiwa kelele za karaha. Kisha wakasikilizishwa milio ya katikati, isiyo huu wala ule. Wale waliokuwa wakivurugiwa makazi, leo matandiko yamelowa, kesho kizimba kimeinamishwa, walikuwa wazito kubonyeza, kama mtu aliyeandamwa na mikosi akigongewa mlango. Mwalimu akaanza kueleza kwa nini hilo bado si ushahidi kwamba panya anaonja huzuni kama yetu, na akaeleza kweli, dakika 20 nzima. Wanafunzi wenzangu walilalamika kwamba anachosha. Mimi hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Kuna pia zoezi la picha, la kupima maumivu kwenye sura ya panya wadogo wa maabara, kipimo cha mwaka 2010: macho, pua, mashavu, masikio, sharubu, kila kimoja alama 0 hadi 2. Mmoja nilimpa alama za juu kwa vile kafumba macho. Kumbe kalala zake usingizi.

Sasa lawama. Maswali ya kila mwisho wa wiki ni ya kukariri tu: ripoti ya Brambell, ile ya Uingereza kuhusu ustawi wa mifugo, ilitoka mwaka gani (1965, nimeshaijua hadi ndotoni), wanyama wanastahili uhuru wa aina ngapi (tano). Hakuna hata swali moja linalokuonyesha kuku bandani likakutaka useme unaona nini, ilhali somo zima linahusu kutazama. Pweza na kaa wamepewa dakika tano, wakati Uingereza imeshawataja kwenye sheria yake ya ustawi ya mwaka 2022. Maandishi ya chini ya video yanachelewa. Nilipoandika kuomba msaada, nilijibiwa siku ya tisa, kuhusu nywila ambayo sikuiulizia.

Cheti nimekipata, kipo kwenye simu, sijakifungua tena. Viatu nimevipandisha juu ya kabati. Jana akararua mto. Nikaokota pamba kimya kimya, yeye kasimama pembeni anatikisa mkia, masikio juu, sufi puani.