Leba ya kituo cha afya cha mtaani kwetu, nawapa nyota 4

Watu wengi wananiuliza kuhusu hiki kituo cha huku kwetu Morogoro, ngoja niseme nilichokiona nilipompeleka mdogo wangu kujifungua. Waliniruhusu kukaa naye, hilo tu lilishanifurahisha, ila kilichonikosha zaidi ni kwamba nesi mgeni hawamwachi peke yake leba, zamu nzima anakuwa na sista mzoefu.

Mtoto katoka salama, mdogo wangu kachomwa palepale sindano ya oksitosini, ile ya kusaidia mfuko wa uzazi ujikaze, binti wa fildi (mwanafunzi wa unesi aliye mazoezini) akapima presha iko vizuri akaandika. Sista akaja, wala hakuanza na mashine, akamwangalia mdogo wangu usoni akaona anahangaika hangaika anaomba maji, akashika mkono mapigo yanakimbia, akaweka kiganja chini ya kitovu halafu akauliza, "Mama, umekojoa saa ngapi?" Kumbe kibofu kikijaa kinazuia mfuko wa uzazi kujikaza na usipojikaza damu inatoka tu. Akamwambia binti weka mkono hapa, unausikia ulivyo laini? Wakamtoa mkojo kwa mpira, wakamsugua tumbo, dripu ikawekwa dawa, baadae akamrudisha mkono palepale, "haya, sasa je?" Mgumu! Yaani binti alibaki kashika hapo hataki kutoa mkono. Toka hapo kila dakika 15 anakuja mwenyewe kukagua bila kutumwa.

Nilimuuliza sista, si presha ilikuwa nzuri? Akaniambia dada, mzazi kijana anaweza kupoteza damu presha ikawa bado inaonekana nzuri, mapigo ndo yanatangulia kupanda.

Mwalimu wa unesi wa Marekani, Patricia Benner, mwaka 1984 alieleza hatua 5 anazopitia nesi, anaanza kwa kufuata maelekezo moja moja mpaka afike mahali anaiona hali ya mgonjwa yote kwa pamoja, na miaka kazini peke yake haitoshi. Pale nimeona inavyofanyika kwa vitendo, na hili kwangu ni kubwa kuliko vitanda vipya.

Nyota 1 nimeitoa kwa ajili ya dirisha la malipo, foleni haisogei, na mabenchi ya ndugu yako juani.

Uongozi naomba sana huyu sista msimhamishie ofisini, na mabinti wa fildi muwapange naye hata zamu za usiku.