Bafu lisilo kizingiti, na fundi aliyetaka kukirudisha

Nilimwaga ndoo ya lita 20 chini ya shawa na maji yote yakashika njia ya mlangoni. Tundu la kutolea maji lipo kule ndani, limekaa kavu. Yalipoingia chini ya mkeka wa koridoni ndipo fundi wetu, anayesifiwa mtaa mzima wa Ngamiani, akaniambia: "Dada, hilo dogo. Napiga kizingiti cha sentimita tano hapo, yamekwisha."

Kizingiti! Bafu zima lilivunjwa ili kizingiti kiondoke! Kiti cha kuogea cha bi mkubwa kina vigurudumu vidogo, hata ukingo wa sentimita mbili kinakwama na anayekisukuma anaumia mgongo. Nikamkumbusha. Akajibu huku anachezea simu: "Kwani bibi anaoga mara ngapi kwa siku?"

Hapo nilinyamaza, maana ningelisema ningelijuta.

Kosa lenyewe ni la mteremko. Kutoka mlangoni hadi tunduni ni mita 1.8. Kwa sentimita 2 kila mita, tundu lilitakiwa liwe chini ya mlango kwa sentimita 3.6 hivi. Hazipatikani kwa kumwaga sakafu mpya juu ya jamvi la zamani, yaani zege la chini. Jamvi linatinduliwa, na upande wa tundu linachimbwa zaidi, kwa sababu trapu, kile kikombe cha chini ya tundu, nayo ina kimo chake na ndani yake panatakiwa pasimame maji ya sentimita 5 kuzuia harufu na mende. Yeye aliona uvivu kushika tindo. Akaipachika trapu juu juu, sakafu ikapanda kuifuata, mlango ukabaki bondeni. Pima maji alikuwa nayo, sikumwona akiilaza chini hata mara moja.

Juu yake akaweka vigae vya 60 kwa 60. Kigae kikubwa hakikunjiki. Mteremko wa kwenda tunduni unatoka pande nne, kwa hiyo pembe zinainuka kama meno. Vidogo vya 5 kwa 5 vinafuata sakafu inavyotaka, na ile mistari mingi kati ya kigae na kigae inazuia mguu wenye sabuni kuteleza.

Dawa ya kuzuia maji alipaka mkono mmoja, yaani tabaka moja tu, jioni hiyohiyo akaanza kubandika. Inatakiwa mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, kila mmoja ukauke, na ipande ukutani, kwenye shawa ifike juu ya kichwa.

Tukabomoa. Mita 3 za mraba zilikula mfuko mmoja wa saruji na kidogo, saruji moja kwa mchanga nne, mchanga wa mtoni. Alikuja na wa baharini, nikamrudisha nao, chumvi yake inatoka juu kama unga na kula vyuma. Baada ya dawa kukauka, tundu likazibwa, tukajaza maji siku nzima. Mlangoni tulijenga ukingo wa udongo. Ndicho kizingiti pekee nilichomruhusu.

Sasa niseme na haki yake. Vishikio aliviweka vizuri kuliko nilivyoomba. Ukuta wetu ni wa matofali yenye matundu, parafujo peke yake ingeng'oka siku mtu mzima atakapoining'inia kwa uzito wote. Aliuchimba, akamwaga zege na kuzamisha bolti humo kabla ya vigae, sentimita 85 kutoka chini. Nimevivuta kwa mikono miwili, nimeweka mguu ukutani nikavuta tena. Havitikisiki. Na sakafu aliirudia bila kudai hela ya kazi, ingawa alinuna tangu asubuhi mpaka magharibi.

Kwa hiyo nimwite tena? Kwa ukuta, hata kesho. Kwa sakafu, labda, mradi mtu asimame naye na kamba ya kupimia mteremko. Lile neno lake kuhusu bibi bado linanikaa kooni. Salio lake ninalo. Nimemwambia aje achukue, ila aje na ndoo yake, amwage mwenyewe nikiwa nimesimama mlangoni na soksi.