TAHADHARI: Muuza sola za maji moto "za presha", nimeliwa mchana kweupe

Naandika nikisubiri maji yachemke jikoni, kama vile milioni 2.8 hazijatoka mfukoni mwangu. Hita ya umeme ilishatushinda. Ndiyo maana nilitaka sola, tena ya presha, yaani inayohimili msukumo wa pampu, maana bafu la juu bila pampu linachuruzika tu.

Yule kaka anaongea, jamani! Alikuja hapa Njiro, Arusha, na futi yake, akapanda juu ya bati mwenyewe, akauliza tunaoga watu wangapi, akasali kabla ya kugusa chai yangu. Tapeli gani anasalia chai? Siku ya kuleta mzigo akaligonga tenki kwa vidole, ngo, ngo. "Sikia mlio mama, hii ndiyo presha, lita 200." Na mimi nikatikisa kichwa, eti nausikia! Mlio gani? Mume wangu akasema tulipe nusu kwanza, nikamwambia asilete gundu. Nikarusha yote kwenye namba yake binafsi, risiti "nitakutumia jioni".

Siku ya nne, alfajiri, mama mkwe yuko bafuni. Pampu ikawaka, juu kukasikika kishindo, maji ya moto yakamwagika kwenye bati kama masika. Mirija miwili ya kioo, ile inayopasha maji juani, ilichomoka ikaenda kuvunjikia uani kwa jirani. Mama akatoka na povu kichwani. Hadi leo hajaniuliza kitu, na hicho ndicho kinachoniuma zaidi.

Fundi bomba wetu alipopanda alicheka kwanza. Kumbe tenki ni lile la kawaida, la maji ya kushuka yenyewe. Tundu la kupumulia limezibwa kwa plagi na ile tepe nyeupe! Ringi za mpira zinazoshika mirija zingeiweza wapi nguvu ya pampu? Anasema ya presha mirija yake ni mikavu, ndani kuna vijiti vya shaba, na tenki lina valvu ya usalama. Basi mwambieni muuzaji achomoe mrija mmoja mbele yenu kabla hamjatoa hata mia.

Simu hapokei, ila stetasi anaweka kila siku, juzi kapiga picha na tenki jingine juu ya bati la mtu. Huyu akikamatwa asipelekwe rumande. Aletwe Njiro, mwezi huu huu wa saba wenye baridi, aoge maji ya bomba saa kumi na moja alfajiri, mama mkwe akimjazia ndoo.